Kagua Meza Kwanza

Machi 14, Jumamosi. Mawingu, hakuna mvua.

Naanza daftari jipya la masika. Kila mwaka naandika hali ya hewa kuanzia mvua ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu mizani na unyevu havipatani, na mfanyabiashara akikutwa anapunja, wa kwanza kusingiziwa ni mvua. Nikiwa na daftari hatubishani. Namfungulia ukurasa asome mwenyewe.

Mimi ni mkaguzi wa vipimo. Naweka mawe yangu ya shaba juu ya mizani za watu, sokoni na madukani. Mizani ikikosea mara tatu naibandika stika nyekundu, na haipimi tena mpaka itengenezwe. Watu hawafurahi kuniona. Nimezoea.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Mama. Alihamia kwangu mwaka juzi, ngazi za kwake zilipomshinda magoti.

Kompyuta yangu imeanza kukwaruza. Ukiiwasha unaweza kuchemsha maji, ukaoga, ukavaa, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria.

Machi 16, Jumatatu. Manyunyu asubuhi.

Nimeipeleka kwa fundi. Ana meza ndani ya duka la kurudufu karatasi, mtaa wa nyuma ya ofisi yetu, kwenye kona chini ya rafu ya bahasha. Wateja wanamwita Taratibu. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipaji, na huzibadilisha bila kuweka bisibisi chini.

Aliweka sikio juu ya kompyuta kama anasikiliza ugomvi wa jirani.

"Diski inakufa, Mkaguzi. Hii ni ile ya kuzunguka. Tukuwekee SSD. Haina kinachozunguka ndani, haina kelele, inawaka mara moja. Ila inakuja tupu. Itabidi tuweke mfumo upya."

"Itachukua muda gani?"

"Kazi yenyewe haifiki saa nzima. Lakini nina foleni. Niachie siku tatu."

Nikamwambia mashine yenye ripoti za ukaguzi hailali nje, ni kanuni ya ofisi.

"Lakini ripoti ziko kwenye diski ya zamani, na hiyo utaondoka nayo mkononi."

"Kanuni haisemi diski, fundi. Inasema mashine."

Alinitazama kidogo kwa miwani ya juu, kisha akaanza kufungua. Skrubu alizipanga kwenye karatasi kwa mpangilio uleule wa matundu yake, nikapenda hilo. Diski mpya ni nyepesi kama kipande cha biskuti. Alipomaliza alinipa flashi yenye mfumo, akaniandikia maelekezo kwa mkono, nambari moja mpaka saba.

"Halafu betri yako imekufa kabisa," alisema. "Hii inaishi kwa waya tu. Waya ukitoka, imezima."

"Najua kusoma maelekezo, fundi."

Mwenye duka alinisindikiza mpaka mlangoni. "Ukipata tatizo lolote njoo kwangu moja kwa moja," aliniambia, wala hakushusha sauti. "Huyu kazi zake zinachelewa, watu wamenichosha. Nimeshamwambia, likija lalamiko moja tu lingine, unga umemwagika. Shemeji yangu anaitaka hiyo meza."

Fundi alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Aliendelea kufunga skrubu za mtu mwingine. Mimi niliona ni utaratibu mzuri, kila mtu anajua mipaka yake.

Machi 21, Jumamosi. Mvua kubwa saa tisa alasiri, radi.

Jaribio la kwanza. Nilichomeka flashi, nikafuata maelekezo. Nambari ya tatu: chagua lugha. Nambari ya tano: chagua diski, hakikisha imeandikwa tupu. Asilimia zikaanza kupanda. Nambari ya saba inasema: KAA NAYO MPAKA IISHE. Nilicheka. Maziwa yaliyo jikoni ndiyo ya kukaliwa.

Ilipofika thelathini na moja nikaenda uani kuanua nguo na kuweka ndoo chini ya bati linalovuja. Mvua ilinishikilia huko kama nusu saa. Nikarudi nikakuta kioo cheusi, taa ya pembeni imezimika. Waya ulikuwa ukutani, mahali pake. Nikabonyeza kitufe, ikaniandikia kwamba haikupata mfumo wowote.

Mama alikuwa kwenye korido, anafunga madirisha.

"Mama, umeme umekatika?"

"Haujakatika mwanangu. Husikii friji?"

Friji ilikuwa inanguruma kweli.

Niandike na hili, kwa ukamilifu. Masika ya mwaka jana Mama alikuwa na tabia ya kuchomoa kila kitu akisikia radi. Siku moja alichomoa friji akasahau kuirudisha, nyama ikaharibika, na mama mkubwa na wanawe walikuwa wageni wetu kesho yake. Nilimsema mbele yao. Kisha nikabandika stika nyekundu juu ya kila soketi: USICHOMOE. Tangu hapo hatujapata tatizo.

Machi 22, Jumapili. Mvua nyepesi, haina radi.

Nimefua tena nguo zilezile.

Machi 24, Jumanne. Jua, halafu mawingu.

Nimepita kwa fundi. Alitoa diski, akaiweka kwenye kifaa chake, akaipima mbele yangu. Akasema ni nzima.

"Umeme haukukatika?"

"Haukukatika."

"Una hakika?"

"Mimi huandika, fundi."

Akakuna kipaji chini ya ile miwani ya akiba. "Ulikaa nayo?"

Sikupenda kuulizwa hivyo mbele ya watu wanaorudufu vyeti. Nikamwambia mimi hupima mizani mia mbili kwa mwezi wala sikai nazo. Akaniambia basi niiache, aniwekee hapo hapo kesho mchana, nisubiri kwenye kiti. Kesho nilikuwa na soko la nafaka. Nikaondoka na mashine yangu.

Machi 28, Jumamosi. Mvua kuanzia saa nane, radi nzito.

Jaribio la pili. Ilifika arobaini na nne nikiwa naiangalia. Nikaenda jikoni kupika. Nikarudi, imezima. Friji inanguruma, feni inazunguka, waya uko mahali pake, stika iko mahali pake.

Mama aliuliza, "Imemaliza?" Nikamwambia haijamaliza. Akasema pole. Alisema kwa sauti ndogo, nikadhani ni magoti yake yanamuuma na baridi.

Aprili 1, Jumatano. Jua kali.

Sikukuu ya jua katikati ya masika. Nimeiwasha mashine kwa flashi peke yake, bila kuigusa diski, nikaiacha kwenye menyu nikaenda zangu. Saa mbili nzima haikuzima. Kwa hiyo waya ni mzima, umeme ni mzima, mashine ni nzima. Kilichobaki ni diski. Au flashi.

Aprili 2, Alhamisi. Manyunyu.

Fundi amenipa flashi nyingine. Hakubisha. Alisema tu, "Namba saba, Mkaguzi." Ningekuwa na stika mfukoni ningembandika mdomoni.

Aprili 4, Jumamosi. Mvua na radi tangu saa saba mchana.

Jaribio la tatu. Flashi mpya. Hamsini na nane, nikaitwa na jirani mlangoni kuhusu mfereji wa maji machafu ulioziba. Nilikaa naye kizingitini dakika ishirini, yeye na mwavuli mimi bila mwavuli. Niliporudi kioo kilikuwa cheusi.

Mara tatu. Sina la kuongeza.

Aprili 6, Jumatatu. Mawingu.

Nimeandika barua kwa mwenye duka. Ukurasa mmoja, tarehe tatu, asilimia za kila jaribio, uthibitisho kwamba umeme haukukatika, jaribio la Aprili 1. Nimehitimisha kwamba fundi aliuza diski mbovu na alipoulizwa akaithibitisha kuwa nzima. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika cheo changu, Mkaguzi wa Vipimo. Cheo hakikuwa na kazi pale, lakini mkono umezoea.

Niliisoma mara mbili. Ni barua nzuri. Diski nimeifungua nikaipeleka nayo dukani, iwe ushahidi.

Aprili 9, Alhamisi. Mvua asubuhi, haina radi.

Nimepita dukani. Barua yangu imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, ndani ya mfuko wa plastiki, juu yake pameandikwa TUNAJALI WATEJA WETU. Kwenye meza ya kona amekaa shemeji, kijana mwenye vidole vya haraka, anatafuna bazoka. Akanifungia diski nyingine kwa dakika nne. Skrubu moja ilibaki mezani, akasema hiyo haina maana.

Nikauliza Taratibu yuko wapi. Mwenye duka akasema, "Tulimwambia abebe uchafu wake wote, na diski yako pia kaenda nayo."

Sikusikia lolote moyoni. Mizani mbovu ikitolewa sokoni, soko linaendelea.

Aprili 10, Ijumaa. Mvua kutwa.

Dereva wetu wa ofisi hakunisalimia kwa utani kama kawaida yake. Tulipofika kwenye foleni ya magari akasema, "Bosi, yule mzee umemmaliza. Ana watoto wawili wanasoma."

"Alikosea mara tatu."

"Alikosea yeye au diski?"

"Unaendesha au unahoji?"

Akaendesha. Swali lake lilikaa nami mpaka soko la kwanza, nikalisahau.

Aprili 15, Jumatano. Manyunyu.

Mizani kumi na tisa, mbili mbovu.

Aprili 18, Jumamosi. Mvua saa nane, radi karibu sana, madirisha yalitikisika.

Jaribio la nne. Diski mpya kabisa, ya shemeji. Sitini na sita. Nilikwenda kuoga.

Imezima.

Nilikaa mbele ya kile kioo cheusi na taulo kichwani. Kwanza nilimkasirikia shemeji, kwa mazoea tu. Halafu nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu kazini. Diski ni nyingine. Flashi ni nyingine. Fundi ni mwingine. Makosa ni yaleyale. Kazini mizani mbili zikikosea kwa kiasi kilekile, upande uleule, hatubandiki stika. Hata mkaguzi wa mwezi wa kwanza anajua hilo. Unainama, unaweka pimamaji, unakagua meza. Meza ikiwa imelala upande, hata mizani iliyotoka kiwandani leo itasema uongo. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, kabla ya kushika jiwe hata moja.

Nikachukua daftari hili, nikarudi nyuma. Machi 21, radi. Machi 28, radi nzito. Aprili 4, radi. Leo, radi. Aprili 1, jua kali, saa mbili haikuzima. Yote kwa mwandiko wangu. Niliandika ili nisibishane na watu, na sikuwahi kujisomea.

Nikaenda chumbani kwa Mama. Alikuwa amekaa kitandani amejifunika kanga mpaka kichwani, ingawa radi ilishapita.

"Mama, radi ikipiga unafanya nini?"

Aliangalia kidole chake cha pete.

"Mama."

"Nachomoa," alisema. "Halafu ikinyamaza narudisha. Kila kitu narudisha ulivyoacha, wala stika zako sijazichana. Friji sijasahau tena hata siku moja."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta ndiyo ya kwanza. Si ulisema ndani mna kitu kipya, bado hakijazoea? Nilikuwa naikinga mwanangu. Niliikimbilia kila radi ikipiga, na magoti haya."

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulikuwa tayari. Ila yeye aliendelea, bila kuniangalia, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nilipokuwa na miezi mitano radi iliingia kwa waya wa redio, redio ikapasuka, pazia likashika moto, na kitanda changu kilikuwa chini ya pazia lile. Alinitoa nikiwa nimelala. Baba alisema asinisimulie, nitakua mwoga.

"Mwaka jana ulinisema mbele ya dada yangu," alisema. "Mimi nikasema sawa, nyumba ni yake. Lakini kusikia radi na kuacha waya ukutani siwezi. Mikono haikubali. Basi nikawa nafanya usione."

"Nilikuuliza kama umeme umekatika."

"Haukukatika. Uliuliza hivyo, nikakujibu hivyo."

Kweli, niliuliza hivyo. Nilikaa kando yake. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, na katikati ya hayo nikakumbuka ile karatasi ndani ya plastiki. Nimemfukuzisha mtu kazi kwa sababu mama yangu ananipenda na mimi sikai na mashine yangu. Nikamweleza Mama yote, barua, meza, shemeji, watoto wawili.

Alishika mdomo. "Basi na mimi nimo," alisema.

Aprili 19, Jumapili. Jua na mvua kwa zamu.

Stika za USICHOMOE nimezibandua zote. Gundi imebaki.

Aprili 20, Jumatatu. Mvua.

Nimekwenda dukani kabla ya kazi. Nikamwambia mwenye duka barua ile aitoe, nilikosea. Akacheka akidhani nina utani. Alipoona sina utani akakunja uso.

"Mkaguzi, ile barua watu wameisoma. Leo niitoe tu kimyakimya, waseme nini? Kwamba nabadilisha mafundi kama soksi?"

"Fundi hana kosa."

"Unasema wewe. Barua ya kwanza ilikuwa na vipimo, tarehe, na cheo chako. Niletee nyingine kama ile. Diski ileile aliyouza yeye, ifanye kazi, uandike, utie cheo. Nitaibandika palepale." Kisha akanisogelea kwa sauti ndogo. "Na uharakishe. Shemeji kaniunguzia mashine mbili za watu, na mke wangu hataki kusikia."

Kwa hiyo kinachotakiwa ni diski, na diski anayo Taratibu.

Aprili 22, Jumatano. Mawingu mazito.

Dereva alijua kwake. Hakunisuta, alikunja kona tu na kusimamisha gari. Fundi alikuwa barazani, amezungukwa na pasi za watu. Mke wake alinitolea kigoda, akabaki amesimama.

"Tangu wamfukuze mume wangu anatengeneza pasi za majirani," alisema. "Umekuja kukagua na hizi?"

Nikasimama na mimi. Kukaa kulinishinda. Nikasema, "Fundi, nimekukosea. Diski yako ilikuwa nzima. Mama yangu alikuwa anachomoa waya kila radi ikipiga, na mimi sikuwepo chumbani hata mara moja. Nilikuandikia barua bila kukagua nyumba yangu."

Alibadilisha miwani, akanitazama kwa ile ya mbali.

"Niliandika namba saba."

"Niliisoma."

"Kusoma ulisoma."

Mke wake alicheka puani, akaingia ndani. Fundi aliingiza mkono kwenye boksi la kaseti, akatoa diski iliyofungwa kwa kitambaa. Akaifunga kwenye mashine yangu, na ile skrubu ya shemeji alipoikosa akatafuta nyingine inayofanana. Aliniambia ningeacha aweke mfumo hapohapo barazani, ni muda mfupi. Nikakataa. Ripoti inataka mahali palepale na hali ileile, la sivyo mwenye duka atapata pa kupenyea.

"Hali ileile," alisema. "Na radi?"

"Na radi ikitokea."

"Na bimkubwa?"

Nikachukua mashine yangu, nikaaga. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aniambie.

Aprili 25, Jumamosi. Kavu. Hakuna hata wingu.

Ningeweza kuweka leo ikaisha bila shida. Mama naye alisema niweke. Nikamwambia mizani haipimwi siku inayotaka yenyewe. Tulikaa kutwa tukiangalia anga.

Mei 2, Jumamosi. Mvua kubwa, radi tangu saa nane na robo.

Jaribio la tano. Nimeweka kiti changu mbele ya meza. Mama amekuja na kigoda chake, amekaa karibu na soketi. Nilimwambia aende kwa jirani mpaka iishe. Akasema hapana, yeye ndiye shahidi, na shahidi hakai kwa jirani. Friji na feni alivichomoa, nikamwacha. Umebaki waya mmoja ukutani.

Naandika hapahapa, asilimia zikipanda.

Tisa. Mvua imeanza kupiga bati.

Ishirini na mbili. Radi ya kwanza, mbali. Mama amevuta kanga.

Thelathini na saba. Radi. Mkono wake umeinuka wenyewe, ukashika kichwa cha waya. Nimemtazama tu. Akauacha hapo, hakuvuta.

Arobaini na tisa. "Imefika ngapi?" "Karibu nusu, Mama." "Karibu nusu tu?" "Karibu nusu." "Fundi gani anatengeneza kitu kinachokwenda hivi?" "Ndiyo maana wanamwita Taratibu." Amecheka kidogo, meno yanagongana.

Sitini na moja. Imepiga juu ya nyumba kabisa. Chumba kilikuwa cheupe. Mama alipiga yowe, vidole vimekaza waya mpaka mishipa imetoka, na machozi yanamshuka. Nikamwambia, "Vuta Mama, basi, tutafanya siku nyingine." Nilimaanisha. Wakati ule sikujali ripoti wala meza ya mtu yeyote.

Akatikisa kichwa. "Yule ana watoto wawili," alisema.

Nikashuka kwenye kiti nikakaa sakafuni karibu naye, nikaweka mkono wangu juu ya wake. Kuanzia hapo sikuandika.

Saa tisa na dakika mbili. Mia kwa mia. Imejizima yenyewe, mioyo yetu ikasimama, ikajiwasha tena, ikasema karibu, ikaniuliza jina langu. Mama akaniambia, "Jibu basi, inakuuliza."

Mei 4, Jumatatu. Manyunyu.

Barua ya pili imeandikwa. Diski ileile, flashi ileile, chumba kilekile, radi kumi na moja kwa hesabu ya shahidi. Sentensi ya mwisho inasema: Kosa katika majaribio yote yaliyotangulia lilikuwa la mkaguzi, ambaye hakukagua meza kabla ya mizani. Nikatia sahihi, na cheo. Mama naye alitia sahihi, kubwa kuliko yangu.

Mwenye duka aliisoma akiwa ameinua nyusi. "Niibandike kweli? Wafanyabiashara wote wa soko wanarudufu hapa."

Niliibandika mwenyewe. Ile ya kwanza nikaichukua.

Mei 7, Alhamisi. Mvua nyepesi.

Taratibu yuko kwenye meza yake. Bahasha zimerudishwa juu ya rafu kama alivyokuwa anazipanga. Amenitafutia betri ya kompyuta yangu, akaifunga, akaniandikia karatasi yenye nambari moja tu: HATA HIVYO, KAA NAYO.

Mei 9, Jumamosi. Jua.

Soko la viazi. Nilikuwa naweka jiwe la kwanza muuza viazi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vitunguu, "Mkaguzi, meza umeikagua?"

Safu nzima iliangua kicheko. Dereva alikuwa mlangoni, na yeye alicheka, sikumkataza. Uso ulinichoma. Nikainama, nikaweka pimamaji juu ya meza yake, nikasubiri kiputo chake kitulie katikati. Meza ilikuwa imelala sawasawa. Nikapima mara tatu. Mizani ilikuwa inapunja, nikaibandika stika nyekundu. Akasema ni mvua. Nikamfungulia daftari.

Mei 16, Jumamosi. Mvua jioni, pengine ya mwisho. Radi.

Nilikuwa naandika ripoti za mwezi. Diski haina sauti kabisa, nasikia vidole vyangu tu. Radi ilipopiga Mama akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nichomoe?" aliuliza.

"Chomoa Mama," nikamwambia, nikaendelea kuandika.